Namna ya kuichambua 123,456,789 kwa kalamu na karatasi

Hakuna namba ndefu inayoandikwa ovyo kama 123,456,789. Watu huifanya neno la siri, huijaza kwenye fomu wasizotaka kuzijaza kwa ukweli, huibonyeza kujaribu kama kibodi inafanya kazi. Kwa mazoea hayo, ni wachache waliowahi kuiuliza maswali ya hesabu. Je, ni namba tasa? Ina vigawo vingapi? Yaweza kuwa mraba wa namba fulani?

Programu ya simu itakupa majibu kabla hujapepesa macho, ila haitakuonyesha njia iliyopita. Hapa tunapita njia yenyewe. Unahitaji karatasi, kalamu, na uwezo wa kuzidisha na kugawanya kwa mkono. Kalkuleta iweke pembeni, utaitumia kuhakiki tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa namba moja, lakini hatua zake zinafaa kwa namba yoyote ya tarakimu nane, tisa, hata kumi.

Neno moja kabla hatujaanza: mpangilio wa hatua ndio kazi yenyewe. Anayeanza kugawa kwa 2, kwa 3, kwa 5 na kuendelea hadi mkono ufe ganzi atafika, ila atafika kesho. Vipimo vyepesi vitangulie, vizito vifuate, na kila baki unalopata liandike.

Hatua ya 1: Soma mkia wa namba

Tarakimu ya mwisho ni 9. Kwa hiyo namba ni witiri, na vigawo vyote vilivyo shufwa vimeondoka kwa pamoja. Haiishii na 0 wala 5, basi na 5 imeondoka.

Usiishie hapo. Tarakimu mbili za mwisho, 89, zinakupa baki la kugawa kwa 4, nalo ni 1. Tatu za mwisho, 789, zinakupa baki la kugawa kwa 8: 8 mara 98 ni 784, inabaki 5. Sababu ni kwamba 100 inagawanyika kwa 4 na 1,000 inagawanyika kwa 8, hivyo kilicho mbele ya tarakimu hizo hakibadilishi baki.

Baki hilo la 5 tayari limejibu swali moja kubwa. Chukua namba witiri yoyote, izidishe kwa yenyewe, kisha gawa kwa 8: daima inabaki 1. Jaribu 3 (9), 5 (25), 7 (49), 11 (121). Namba yetu ni witiri na inabakiza 5, kwa hiyo si mraba wa namba nzima yoyote. Hatujatafuta kipeuo, hatujagawa hata mara moja kwa maana ya kugawa.

Hatua ya 2: Jumlisha tarakimu

1 + 2 + 3 + 4 + 5 + 6 + 7 + 8 + 9 = 45. Jumla inagawanyika kwa 9, basi na namba inagawanyika kwa 9. Kipimo hiki kila mtu alikisoma shule ya msingi, ingawa si wengi walioambiwa kwa nini kinafanya kazi: 10, 100, 1,000 na nyinginezo zote za namna hiyo zikigawanywa kwa 9 hubakiza 1, hivyo kila tarakimu, popote ilipokaa, inachangia thamani yake yenyewe kwenye baki.

Hapa pana jambo la kufurahisha. Mpangilio wa tarakimu haujalishi. Zichanganye tarakimu 1 hadi 9 utakavyo, kila moja mara moja. Kuna namna 362,880 za kuzipanga, na namba zote zinazotokea zinagawanyika kwa 9. Hakuna hata moja iliyo tasa.

Sasa gawa kwa mkono. Tisa kwenye 12 inaingia mara 1, inabaki 3. Shusha 3, ni 33: mara 3, inabaki 6. Shusha 4, ni 64: mara 7, inabaki 1. Kisha 15: mara 1, inabaki 6. Kisha 66: mara 7, inabaki 3. Kisha 37: mara 4, inabaki 1. Kisha 18: mara 2, haibaki kitu. Mwisho 9: mara 1. Jibu ni 13,717,421.

Je, kuna 3 nyingine ndani? Jumla ya tarakimu za 13,717,421 ni 26, na 26 haigawanyiki kwa 3. Basi 3 imo mara mbili tu, si zaidi. Kuanzia sasa tunahangaika na 13,717,421 peke yake.

Tahadhari kwa wanaopenda njia za mkato: usijaribu kuinyoosha kanuni hii hadi 27. Kusema "jumla ikigawanyika kwa 27 basi na namba inagawanyika kwa 27" ni uongo. Jaribu 1,899: jumla yake ni 27 kamili, lakini ukiigawa inabaki 9.

Hatua ya 3: Pima 7, 11 na 13 kwa mpigo mmoja

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na sielewi kwa nini hakifundishwi zaidi. Kinasimama juu ya ukweli mmoja: 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa kupokezana:

789 − 456 + 123 = 456

Baki la 123,456,789 kwa 7, kwa 11 au kwa 13 ni lile lile la 456. Na 456 ni 455 + 1, ambapo 455 = 5 × 7 × 13. Basi kwa 7 inabaki 1, kwa 13 inabaki 1. Kwa 11: 11 mara 41 ni 451, inabaki 5. Zote tatu zimekataa.

Mafungu hayo hayo, ukiyajumlisha bila kutoa, yanapima 27 na 37, kwa kuwa 27 × 37 = 999. Jumla ni 789 + 456 + 123 = 1,368. Kwa 37 inabaki 36. Kwa 27 inabaki 18, ambayo inathibitisha tulichokiona hatua iliyopita.

Baada ya hapo gawa 13,717,421 kwa mkono kwa namba tasa chache zinazofuata. Kwa 17 inabaki 2, kwa 19 inabaki 10, kwa 23 inabaki 14, kwa 29 inabaki 15, kwa 31 inabaki 14. Mimi husimama hapo. Mwenye subira zaidi aende hadi 100.

Hatua ya 4: Tafuta kipeuo cha pili ujue ukubwa wa kazi

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Vigawo viwili vikubwa kuliko kipeuo vikizidishwa vingetoa zao kubwa kuliko namba yenyewe. Kwa hiyo kipeuo ndicho mpaka wa msako.

Kwa namba yetu kipeuo ni rahisi kushangaza. 11,111 × 11,111 = 123,454,321, inayosomeka sawa ukianzia mbele au nyuma. Toa kwenye 123,456,789 na kinachobaki ni 2,468. (Hata baki limekuja limejipanga!) Basi kipeuo cha 123,456,789 ni 11,111 na ushei. Tuliigawa namba kwa 9, hivyo kipeuo tunakigawa kwa 3: kipeuo cha 13,717,421 kipo kati ya 3,703 na 3,704.

Namba tasa hadi hapo ni zaidi ya 500. Ile ya mia tano ni 3,571. Kugawa tarakimu nane kwa mkono zaidi ya mara mia tano ni adhabu, na ndipo wengi wanapotupa kalamu. Ipo njia nyingine.

Hatua ya 5: Tumia tofauti ya miraba miwili

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria kule Toulouse, Ufaransa. Hesabu kwake zilikuwa za baada ya kazi. Mwaka 1643 alieleza kwenye barua namna ya kuipasua 2,027,651,281, akapata 44,021 × 46,061. Wazo lake linatoka kwenye aljebra ya kidato cha kwanza au cha pili:

a² − b² = (a − b)(a + b)

Ukiweza kuiandika namba yako kama mraba mmoja kutoa mraba mwingine, umeshapata vigawo viwili. Utaratibu ni huu: anza na a iliyo kubwa kidogo kuliko kipeuo, tafuta mraba wake, toa namba yako, kisha angalia kama kilichobaki ni mraba. Kama siyo, ongeza a kwa moja, rudia.

Kipeuo chetu kimepita 3,703, basi tuanze na 3,704.

3,704² = 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Huu si mraba, na huna haja ya kutafuta kipeuo ili kujua: mraba unaoishia na 5 lazima uishie na 25.

3,705² = 13,727,025. Toa 13,717,421, inabaki 9,604. Sasa tazama vizuri. Mraba wa 100 ni 10,000. 9,604 ipo chini kidogo. Inaishia na 4, kwa hiyo kipeuo kingeishia na 2 au 8. Jaribu 98: 98 × 98 = 9,604. Imeingia.

Basi 13,717,421 = 3,705² − 98² = (3,705 − 98)(3,705 + 98) = 3,607 × 3,803.

Majaribio mawili badala ya kugawa mara mia tano. Na aliye makini angefanya moja tu. 13,717,421 ikigawanywa kwa 4 inabaki 1, na mraba wa namba nzima kwa 4 hubakiza 0 au 1 peke yake. Ili tofauti ibakize 1, a² lazima ibakize 1, maana yake a ni witiri. Basi 3,704 haikustahili hata kujaribiwa.

Kwa nini imekuwa rahisi hivi? Kwa sababu vigawo viwili vinakaribiana: 3,607 na 3,803 zimepishana kwa 196 tu, na wastani wao uko jirani na kipeuo. Jambo hili si la darasani tu. Mfumo wa usimbaji wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, unategemea ugumu wa kuipasua namba kubwa sana iliyo zao la namba tasa mbili. Mwaka 2020 watafiti waliipasua namba ya mfano ya tarakimu 250 kwa nguvu kubwa ya kompyuta, na funguo zinazotumika leo ni ndefu kuliko hiyo. Lakini urefu haukusaidii kitu kama namba tasa zako mbili zimekaribiana: mwaka 2022 ilibainika kwamba baadhi ya printa zilikuwa zikitengeneza funguo za aina hiyo, na zilifunguka kwa njia hii hii ya mwaka 1643.

Hatua ya 6: Hakikisha ulichopata ni tasa kweli

Hatua hii huachwa na watu wengi. 3,607 na 3,803 ni vigawo, sawa, lakini je, ni tasa? 60² ni 3,600, hivyo kipeuo cha 3,607 kimezidi 60 kidogo. Pima namba tasa 17, kuanzia 2 hadi 59. Kwa 3,803 ongeza na 61, ziwe 18.

Kazi ni nyepesi kuliko inavyosikika, maana 2 hadi 31 zilishapimwa kwenye namba kubwa na zote, isipokuwa 3, zilibakiza kitu. 3 nayo tulihakikisha haimo kwenye 13,717,421. Kisichogawa zao hakiwezi kugawa kipande chake. Na 37 tuliipima kwa mafungu ya tatu tatu. Zinabaki 41, 43, 47, 53, 59 na, kwa 3,803, 61. Kwa 3,607 mabaki ni 40, 38, 35, 3 na 8. Kwa 3,803 ni 31, 19, 43, 40, 27 na 21. Hakuna sifuri. Zote mbili ni tasa.

123,456,789 = 3² × 3,607 × 3,803

Hatua ya 7: Vuna

Mstari huo mmoja ukishaupata, maswali mengine yanajibika kwa haraka.

Idadi ya vigawo: chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha. (2 + 1)(1 + 1)(1 + 1) = 12. Navyo ni 1, 3, 9, 3,607, 3,803, 10,821, 11,409, 32,463, 34,227, 13,717,421, 41,152,263 na namba yenyewe.

Jumla ya vigawo: (1 + 3 + 9) × (1 + 3,607) × (1 + 3,803) = 13 × 3,608 × 3,804 = 178,422,816. Ondoa namba yenyewe, vinabaki 54,966,027, ambavyo havifiki hata nusu yake. Namba ambayo vigawo vyake vingine vikijumlishwa haviifikii huitwa pungufu. 6 haipungui wala haizidi, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6; yetu iko mbali kabisa na hapo.

Idadi ya namba, kuanzia 1 hadi 123,456,789, zisizoshiriki nayo kigawo chochote zaidi ya 1: 6 × 3,606 × 3,802 = 82,260,072. Ni karibu theluthi mbili ya zote, na sababu inaonekana: 3 inaondoa theluthi, halafu 3,607 na 3,803 ni kubwa mno kuondoa cha maana.

Je, inaweza kuwa jumla ya miraba miwili? Kanuni inasema angalia kila kigawo tasa kinachobakiza 3 kikigawanywa kwa 4; kama hata kimoja kina kipeo witiri, haiwezekani. 3,607 inabakiza 3, na 3,803 inabakiza 3, kila moja ikiwa na kipeo 1. Jibu ni hapana, na hakuna haja ya kujaribu hata jozi moja. Kama tofauti ya miraba, hilo linawezekana kwa namna 6, moja kwa kila jozi ya vigawo. Iliyo nzuri kuliko zote tunayo tayari: zidisha 3,705 na 98 kwa 3, upate 11,115² − 294².

Kwa kupumzisha kichwa, zidisha 123,456,789 kwa 2, 4, 5, 7 na 8. Utapata 246,913,578, 493,827,156, 617,283,945, 864,197,523 na 987,654,312. Kila moja ina tarakimu zote 1 hadi 9, bila kurudia. Ukizidisha kwa 3 au 6 mchezo unaharibika: 370,370,367 na 740,740,734.

Hatua ya 8: Rudia kwa namba iliyogeuzwa, uone njia inapokwama

Geuza tarakimu: 987,654,321. Kwanza tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizi mbili. Gawa kubwa kwa ndogo: 8 × 123,456,789 = 987,654,312, inabaki 9. Na 9 inaigawa 123,456,789 bila baki. Umemaliza, KKS ni 9.

Gawa kwa 9, upate 109,739,369. Jumla ya tarakimu ni 47, basi 3 imekwisha. Mafungu: 321 − 654 + 987 = 654, ambayo inabakiza 3 kwa 7, inabakiza 5 kwa 11, na 4 kwa 13. Mpaka hapa ni kama ile ya kwanza.

Mtu mwenye haraka, aliyefurahishwa na hatua ya 5, ataruka moja kwa moja kwenye tofauti ya miraba. Kipeuo kipo kati ya 10,475 na 10,476, ataanza na 10,476, atapanda moja moja, na mraba wa kwanza atakaokutana nao upo kwenye a = 190,005. Hayo ni majaribio 179,530.

Aliyefuata mpangilio angegawa kwa 17 kwanza, akapata 6,455,257 bila baki, akagawa tena kwa 17, akapata 379,721. Vigawo vikiwa mbalimbali, njia ya Fermat inakufa. Vikiwa vidogo, kugawa kwa kawaida kunashinda. Ndiyo maana hatua ya 3 ilikuja kabla ya hatua ya 5.

Basi 987,654,321 = 3² × 17² × 379,721, na hiyo ya mwisho ni tasa. Kama hutaki kuniamini, kipeuo chake kimezidi 616 kidogo, na namba tasa hadi hapo ni 112. Saba za mwanzo zimeshapimwa, 17 ikiwa imebakiza 9 mara ya tatu. Zinabaki 105, anza na 19.